Sura ya Tisa: Chupa ya Sita

Kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu, Inspekta Sheila Bonareri alikuwa na kazi moja ndogo: kukitikisa kibuyu mara kumi, kukifungua, na kumimina maziwa lala katika kikombe cha bati. Kibuyu kilikuwa cha mama yake. Mama ndiye aliyekifukiza kwa kijinga cha mzeituni pori, akakijaza, akakifunga kwa kitambaa na kumpa dereva akilete Migori. Chembe nyeusi za mkaa zilielea juu ya maziwa. Moshi wake haukuwa wa kukohoza. Ulikuwa mtamu, na ukishaingia puani hautoki hadi saa nne.

Jumamosi hiyo nguo zake za kanisani zilikuwa kitandani, zimepigwa pasi tangu jana kabla ya jua kutua. Alikuwa ametikisa mara sita simu ilipolia.

"Afande," alisema Konstebo Gisiri. "Jacktone ameenda."

"Ameenda wapi? Si jana alikuwa hawezi hata kuketi?"

"Ameenda, afande. Saa kumi na moja alfajiri."

Bonareri alikiweka kibuyu mezani. Maziwa hayakunywewa siku hiyo.

Jacktone alikuwa mnunuzi wa dhahabu kule Macalder. Jumanne jioni alifanya biashara nzuri, akawaita rafiki zake watatu, akafungua chupa ya wiski ya Uskochi. Kufikia Jumatano usiku wote wanne walikuwa wakilalamika kwamba wanaona weupe kila upande, kana kwamba wametembea wakaingia ndani ya wingu. Watatu walikufa Alhamisi. Polisi walipoteza siku nzima wakichota matope kwenye mabeseni ya wachimbaji, kwa kudhani ni zebaki wanayookotea dhahabu. Kisha jana jioni jibu la maabara likafika. Si zebaki. Ndani ya chupa mlikuwa na spiriti ya viwandani, ile inayopofusha kwanza ndipo iue.

Shingoni mwa chupa ile palining'inia kadi ndogo iliyoandikwa kwa mkono mzuri: *Nimeinusa mwenyewe. Ni ya kiwanda kimoja, haikuchanganywa na nyingine. Ni halisi. Cephas Obare, Homa Bay. Ya nne kati ya sita.*

"Mume wangu alisema ukiona sahihi ya huyo mzee, unakunywa umefunga macho," Roseline, mke wa Jacktone, alikuwa amemwambia Bonareri akimkabidhi kadi. Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe, akaziba mdomo kwa leso.

Usiku wa kuamkia Jumamosi Gisiri alikuwa amezunguka Migori na Rongo akigonga milango ya wafanyabiashara. Alirudi na chupa nne ambazo hazijafunguliwa, kila moja na kadi yake. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya tano. Ya nne ilikuwa imeua.

"Na ya sita?" Bonareri aliuliza, simu ikiwa bado sikioni.

"Hakuna anayejua, afande. Wote wanasema muulize mzee."

"Leta gari. Na unichukulie kidogo kutoka kwenye ile ya nne, kwenye kichupa cha dawa. Uweke sahihi kwenye daftari la vielelezo, nami nitaweka yangu."

"Unaenda kuonja?" Gisiri alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Wewe Msabato, siku ya Sabato?"

"Gisiri."

"Nakuja, afande."

*

Nyumba ya Cephas Obare ilikuwa juu ya kilima kidogo nje ya mji wa Homa Bay, ziwa likionekana chini kama bati lililotandazwa. Mzee alizaliwa kisiwani Mfangano, lakini miaka thelathini aliishi Nairobi akihudumu kwenye baa ya klabu moja ya gofu. Huko ndiko alikojifunza kutofautisha wiski kwa pua, hadi mawakili na madaktari wakawa hawanunui chupa bila kumpigia simu. Alipostaafu, sifa zilimfuata nyumbani.

Alimpokea Bonareri barazani, mrefu, mkavu, kizibao kimefungwa vifungo vyote katika joto lile.

"Nyar Kisii," alisema, binti wa Kisii, baada ya kusoma jina kwenye kitambulisho. "Basi mke wangu atafurahi. Marcella! Njoo umsalimie dada yako."

Mwanamke mnene mwenye majivu mikononi alichungulia kutoka uani, akatabasamu. "Bwakire, mwanangu."

"Bwakire buya, mama."

"Maziwa yako motoni, nakuja sasa hivi," akasema, akatoweka tena.

Gisiri alibaki kando ya gari, akilitazama lango. Bonareri aliingia sebuleni, akaketi kwenye kiti kilichoelekea mlango. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika kumi. Mzee aliitazama saa hiyo kabla ya kuketi. Akaitazama tena alipoketi.

"Una safari, mzee?"

"Hapana. Nasubiri simu tu."

Bonareri alimwambia yote: watu wanne, weupe machoni, jibu la maabara. Mzee alisikiliza bila kupepesa. Alipoonyeshwa kadi, aliishika kwa ncha za vidole.

"Mwandiko ni wangu. Na nililoandika ni kweli," alisema. "Ni wiski ya kiwanda cha Ardvarrich, ya miaka kumi na sita. Hiyo spiriti iliingia Macalder. Watu wa machimbo wakilewa hawachagui, humimina chochote juu ya chochote."

"Chupa ilifunguliwa mbele ya mkewe. Hawakuongeza kitu."

"Mkewe alikuwa anapika au anahesabu matone?"

"Nani alikuletea chupa hizo?"

"Mogaka, anayesambaza vinywaji. Miaka minne ananiletea. Alileta saba. Moja nikaifungua nikainusa, nikaimwaga, hizo sita nikaziandikia kadi."

"Uliimwaga? Hukuionja?"

"Sukari yangu iko juu. Daktari amenikataza hata tone. Mimi ni wa pua tu sasa." Aligusa pua yake kwa kidole, kwa heshima, kama mtu anayemtambulisha mgeni.

"Ya sita iko wapi, mzee?"

Mzee akaitazama saa.

"Hiyo ni zawadi," alisema polepole. "Nilimpa mtu ninayempenda, kwa siku yake. Sitampigia simu nimtie hofu kwa sababu ya ulevi wa wachimba dhahabu. Kama ni halisi, unaitafutia nini?"

Bonareri aliwahi kukaa na wauaji waliolia, na wengine waliotukana. Hakuwahi kukaa na mtu aliyeweka heshima ya jina lake kati yake na maiti nne. Angeweza kumtia pingu sasa hivi. Lakini mzee aliyefungwa pingu angefunga na mdomo pia, na mahali fulani palikuwa na chupa iliyofungwa utepe wa zawadi. Akaamua kumwacha aongee kile anachopenda kuongea.

"Mimi sijui pombe, mzee. Sijawahi kuigusa. Nifundishe. Kama naweza kuona mwenyewe kwamba ni halisi, nitaandika hivyo."

Macho ya mzee yakapata uhai. Alifungua kabati, akatoa glasi mbili zenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Katika ya kushoto alimimina kidogo kutoka chupa yake ya zamani, aliyopewa na klabu siku ya kustaafu. Katika ya kulia Bonareri alimimina kile cha kichupa cha dawa. Rangi zilikuwa sawasawa, rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

"Uskochi wana shayiri, maji na subira, basi," mzee alianza. "Kiwanda kimoja, shayiri iliyooteshwa, mapipa ya mwaloni, miaka. Hii ya kushoto ililala kwenye pipa lililokuwa na mvinyo mtamu. Hiyo ya kulia ni ya kisiwani. Huko shayiri huikausha kwa moshi wa udongo mweusi, udongo wa mimea iliyooza, wanauchimba vipande kama matofali. Ndiyo maana inanuka moshi. Haya, nusa. Si hivyo! Usichovye pua kama ng'ombe mtoni. Fungua mdomo kidogo. Pitisha tu, kama unayepita dirishani kwa watu."

Bonareri alipitisha pua juu ya glasi ya kushoto. Ukali ulimchoma, akarudi nyuma, machozi yakamlengalenga.

"Tena. Ukali ni mlinzi wa lango tu. Mpite."

Akarudia. Safari hii, nyuma ya ukali, akapata kitu: zabibu kavu. Kisha asali. Kisha mbao, kama kabati la kanisa linapofunguliwa. Alishangaa, na kwa dakika nzima akasahau alichokuja kukifanya.

"Zabibu," alisema. "Asali."

"Ona huyu!" Mzee alipiga paja lake. "Msabato ana pua kuliko madaktari wangu wote. Haya, ya kulia."

Aliishika glasi ya kulia, akijua kilichomo. "Pua yangu itaniambia kama ina sumu?"

"Hapana. Hiyo sumu na pombe nzuri hunuka kama mapacha. Pua hujua tu kama kitu kimetoka kinakosema kimetoka."

Akapitisha pua. Moshi ulimjia mara moja. Akafumba macho. Moshi mtamu, wa kukaa. Aliujua. Aliujua sana, na kutojua alikoujulia kulimtia hofu zaidi ya sumu yenyewe. Alifikiria kisiwa cha mbali, bahari baridi, udongo mweusi. Badala yake akaona kikombe cha bati.

Ndipo harufu nyingine ikaingia sebuleni. Nzito, chungu. Maziwa yalikuwa yamefurika na kuungulia jikoni. Ilikuwa harufu ya kumtoa mtu kitini. Mzee aliendelea kusema juu ya mapipa.

"Mzee, maziwa," alisema Bonareri.

"Eeh, Marcella ataleta. Sasa, pipa likishakaa miaka kumi, kila mwaka sehemu fulani hupotea hewani..."

Moshi mwembamba ulianza kupita juu ya mlango wa jikoni, nyuma ya kisogo chake. Mzee hakugeuka. Marcella alipita mbio kutoka uani, wakasikia sufuria ikianguka kwenye sinki. Ndipo mzee akageuka, kwa kishindo, si kwa harufu.

Bonareri alizitazama glasi mbili.

"Nasikia huongezwa maji?"

"Matone mawili tu, ifunguke. Ngoja nilete." Aliinuka, akaenda kwenye mtungi wa kona, akamgeuzia mgongo.

Ilimchukua Bonareri muda wa pumzi moja. Ya kushoto kulia, ya kulia kushoto.

Mzee alirudi na kijiko, akatia matone mawili katika kila glasi, mkono wake imara kama wa muuguzi. Akaiinua ya kulia, akaizungusha, akatazama michirizi ikishuka ubavuni, akaingiza pua. Akafumba macho.

"Naam," alinong'ona. "Sikia moshi ulivyopanda. Bahari, mwani, na kwa mbali dawa ya kidonda. Hii ni kisiwa chenyewe."

Ndani ya glasi aliyoishika mlikuwa na zabibu na asali.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika nane.

"Mzee," alisema Bonareri taratibu, "nimezibadilisha."

Mzee hakufumbua macho. Kwa muda mrefu alikaa vivyo hivyo, glasi puani, kama mtu anayesali.

"Unanichezea, mtoto."

"Hiyo ni ya klabu. Ya Macalder ni hii."

"Basi lete!" Alisema kwa sauti ambayo Gisiri aliisikia nje. Aliinyakua glasi ya kushoto. "Unasema Cephas Obare ni mwongo? Nikiinywa yote hapa mbele yako, utaandika ni halisi? Utaandika?"

Glasi ilikuwa imefika mdomoni. Bonareri alimrukia. Alimshika kifundo cha mkono kwa mikono miwili, na mzee yule mkavu alikuwa na nguvu za kutisha. Wiski iliwamwagikia wote wawili, glasi ikaanguka ikavunjika sakafuni. Gisiri aliingia mbio, akasimama, asijue amkamate nani.

Mlangoni pa jikoni alisimama Marcella, sufuria iliyoungua mkononi.

"Futa midomo, Cephas," alisema. "Usijirambe. Futa!"

Mzee alijifuta kwa kiganja kama mtoto. Marcella akainua pua yake, akanusa hewa ya sebule, hewa iliyojaa wiski iliyomwagika.

"Hiyo ndiyo ile," alisema. "Ile ya Mogaka."

"Marcella, nyamaza."

"Siku hiyo Cephas aliniita kutoka jikoni ninuse, mwanangu. Wala haikuwa mara ya kwanza. Akaniuliza, unasikia nini? Nikamwambia moshi. Moshi kabisa, kama kibuyu cha maziwa. Akafurahi, akasema ndiyo yenyewe, akaandika kadi."

Bonareri alimsogelea. Kibuyu. "Mama, wewe hufukiza vibuyu kwa mti gani?"

"Mzeituni pori. Nauza mkaa wake soko la Oyugis, akina mama wa Kisii wananunua. Si mnatumia huo huo kwenu?" Akaitua sufuria chini. "Mogaka alinunua gunia zima. Mwezi wa pili. Nikamwambia hilo latosha vibuyu vya kijiji kizima. Akasema ni vya mama yake."

"Na mama yake?" aliuliza Gisiri.

"Mama yake Mogaka tulimzika mwaka juzi," alisema Marcella. "Mimi mwenyewe nilipika kwenye matanga."

Mtu mmoja alikuwa amechukua spiriti ya viwandani, akaitia rangi ya sukari iliyoungua, akaifukiza kwa mkaa wa vibuyu ili inuke Uskochi. Na katika nchi hii yote, nani angeikataa? Kila aliyeinusa alisikia harufu ya nyumbani kwao.

"Gisiri, piga simu Migori. Mogaka akamatwe, na stoo yake ifungwe. Mzee." Bonareri alimshika mabega. "Ya sita iko wapi?"

Cephas aliitazama saa. Mishale yote miwili ya saa ilikuwa imeelekea juu.

Simu yake ikalia mezani.

Marcella ndiye aliyeipokea na kuiweka sauti kubwa. Sebule ilijaa vicheko, vijiko, kiti kikivutwa, mtoto akikatazwa kitu.

"Osiepa!" ilinguruma sauti ya mzee mwingine. "Rafiki yangu wa pua! Ni mimi, Motari. Miaka sabini leo na bado nina meno! Tuko mezani hapa Oyugis, watu kumi na tisa. Nimefungua zawadi yako, kila mkubwa ana kipimo cha kidole kimoja kwenye glasi. Hakuna aliyegusa. Tumefanya vile ulivyosema: tunakungoja utuambie tutanusa nini, ndipo tunywe."

"Msinywe!" Bonareri alipaza sauti. "Mimi ni polisi! Wekeni chini glasi zote!"

Kicheko kikubwa kikalipuka upande wa pili.

"Cephas, huyo nani? Umeoa wa pili, na ni polisi?"

"Ni sumu! Watu wanne wamekufa!"

"Sawa, afande, tukamate tukishashiba!" Wakacheka tena. Glasi ziligongana, sauti nyembamba, safi. "Cephas, sema bana, vijana wana kiu. Mwalimu Omosa ameshaiinua yake."

Bonareri alimgeukia mzee. Hakuwa na neno lingine la polisi la kumwambia. "Baba," alisema. "Hawatanisikia mimi."

Cephas aliisogelea simu. Alivuta pumzi kwa nguvu kupitia pua, kwa mazoea ya miaka thelathini, katika chumba kilichonuka wiski na maziwa yaliyoungua.

"Motari," alisema. "Mtanusa..."

"Kimya nyote! Anasema! Tutanusa?"

Marcella alimwekea mkono mgongoni.

"Motari, mwambie Omosa aweke glasi chini. Sifanyi mzaha. Mwaga yote. Sijui mtanusa nini. Mimi sisikii harufu. Tangu korona sisikii harufu ya kitu chochote, rafiki yangu, hata ya mke wangu. Ile kadi niliandika uongo."

Upande wa pili mtu aliuliza amesemaje. Kisha, moja baada ya nyingine, wakasikia glasi zikiwekwa mezani.